Kipimo cha Asli

Abdia Godhana alikuwa amechoma nyumba mia tatu na kumi na mbili kabla hajatimiza miaka thelathini na sita, na hakuna hata moja iliyoacha majivu. Aliziwasha akiwa ameketi, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa mjini Garsen. Wahandisi wa Mombasa na Nairobi walimtumia michoro ya majengo, naye akayajenga upya ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, kisha akayatia moto na kutazama moshi unaelekea wapi. Watu wa mjini walimwita Mama Moto. Wako waliosema kazi hiyo ina mkosi, kwamba mtu hawezi kushinda siku nzima akiunguza nyumba za watu halafu Mungu amwache hivi hivi. Abdia aliwacheka tu, maana wao hao ndio waliomletea watoto wao awafundishe hesabu.

Kazi yenyewe, ukiivua majina yake makubwa, mtu yeyote anaielewa. Jengo kubwa la siku hizi huwa na walinzi wawili darini. Wa kwanza ni kinyunyizio, mdomo wa bomba uliozibwa na kichupa cha kioo chenye maji mekundu ndani. Joto likikipata sawasawa, kichupa hupasuka na maji yakamwagika juu ya moto. Wa pili ni dirisha la paa, linaloshikiliwa na kipande cha madini laini. Joto likizidi kipande kinayeyuka, dirisha linafunguka, moshi unatoka nje. Kila mmoja peke yake ni mlinzi mwema. Waweke pamoja, wanaanza kugombana. Dirisha likitangulia mno, joto linatoroka nalo, kichupa kinabaki baridi, na maji yanachelewa huku moto unakula. Maji yakitangulia mno, moshi unapoa, unakosa nguvu ya kupanda, unashuka mpaka kwenye nyuso za waliolala. Kazi ya Abdia ilikuwa kuwapatanisha hao wawili, sekunde kwa sekunde, kabla hawajakabidhiwa roho za watu.

Sasa, katika kila jengo alilolichoma, Abdia aliweka kipimo kimoja ambacho hakuna mhandisi aliyemwomba. Vingine vyote vilikaa darini, au kwenye usawa wa uso wa mtu mzima aliyesimama. Hiki alikiweka chini, sentimita arobaini kutoka sakafuni, kwenye kona iliyo mbali na mlango, pale ambapo mtoto aliyelala angekuwa na pua yake. Kwenye faili kiliandikwa ASLI, na wahandisi walidhani ni kifupi cha maneno fulani ya kitaalamu wakaona haya kuuliza. Asli alikuwa mdogo wake. Alifariki akiwa na miaka mitatu, Abdia akiwa na tisa, na namna alivyofariki Abdia hakuwa amemsimulia mtu yeyote. Kipimo hicho kikibaki salama mpaka moto uzimwe, alitia sahihi. Kikizimika, alirudisha michoro, mwenye jengo anune apendavyo. Sharti lake jingine lilikuwa moja: hakutia sahihi kwenye namba ambayo hawezi kuieleza.

Jengo la Barwako lilimjia mwezi wa pili. Barwako alikuwa mjane wa Kisomali, mwanamke wa miaka sitini na ushee, ambaye marehemu mumewe alimwachia bohari refu la ngozi kando ya barabara ya Lamu. Ngozi zilikuwa zimeondoka miaka mingi. Barwako alilisafisha, akalipaka rangi, akaligeuza hosteli ya wasichana wanaotoka Kau, Kipini na vijiji vya mtoni kuja kusoma Garsen. Vitanda arobaini na vinane, safu mbili. Vinyunyizio ishirini na vinne, madirisha manne ya paa, kila dirisha na mnyororo wake wa kulifungua kwa mkono. Wasichana wangeingia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, na kibali kilingoja kitu kimoja tu, barua ya Abdia ya kusema kwamba walinzi wale wawili wakiitwa wataitika.

Abdia alipima jengo siku moja, akaenda kulichoma kwenye mashine. Matokeo yalikuwa mazuri. Kichupa kilichokuwa karibu na moto kilipasuka kwenye sekunde ya mia na thelathini na moja, madirisha yakafuata kwa adabu, na kipimo cha Asli hakikutikisika. Angeweza kutia sahihi siku ile ile. Lakini hesabu hizo zilianza na joto la kubahatisha, na yeye ni mtoto wa Garsen, anajua mabati ya hapa yanavyochemka mchana hata bila moto. Kwa hiyo alichukua vipimajoto vitano vidogo vyenye kumbukumbu, vinavyojiandikia joto kila dakika, akavining'iniza ndani ya jengo. Vinne aliviweka juu. Cha tano, kwa mazoea, alikifunga kwenye mguu wa kitanda cha thelathini na moja, kwenye kona ya ndani kabisa. Alifunga mlango kwa kufuli. Funguo zilikuwa mbili, moja yake na moja ya Barwako, na jengo lilikuwa tupu.

Wiki ilipokwisha alimtuma kijana wa duka la dawa akavikusanye, naye akavisoma. Vinne vya juu vilisema lile alilolitarajia, joto linapanda na jua na kushuka na jua. Cha tano kilikuwa na jambo lake. Kila siku, saa saba na dakika ishirini mchana, mstari wake uliinuka ghafla digrii nne, ukasimama pale kama nundu ya fahali, na kabla ya saa nane ukashuka. Ijumaa nundu ilichelewa kwa saa nzima.

Abdia aliitazama ile nundu ya Ijumaa kwa muda mrefu. Jua halijui Ijumaa. Mabati hayajui Ijumaa. Upande ule haukuwa na dirisha la ukutani, wala waya wa umeme, wala jirani. Alibadilisha betri, akakijaribu kipimajoto ndani ya ndoo ya maji, kikawa kizima. Basi akachukua ufunguo wake, akafunga mtandio, akaenda mwenyewe.

Ilikuwa saa nane kasoro, saa ambayo Garsen hunyamaza. Mbuzi walikuwa wamejibana kwenye vivuli vya miti ya mathenge, maduka yameshusha mapazia, barabara nyeupe na tupu. Alifungua kufuli akaingia. Vitanda vilikuwa vimepangwa na magodoro bado yamo kwenye nailoni, na mabomba ya juu yalikuwa yanalia tik, tik, kwa sababu ya joto. Alipofika katikati ya chumba alisimama. Palinukia uunsi. Ule ubani wa Kisomali, mtamu, mzito, uliochanganywa na sukari na manukato, ulikuwa umejaa ndani ya jengo lililofungwa kufuli.

Miguu ilimwambia arudi nje. Aliikatalia, akaenda mpaka kitanda cha thelathini na moja, akainama. Chini yake kulikuwa na dabqaad, chetezo cha udongo cha Kisomali, na makaa yake yalikuwa bado na uhai. Hapo ndipo alipoinua uso juu. Vinyunyizio vyote vilikuwa vimevishwa kofia. Kofia ndogo za kitambaa, zilizoshonwa kwa mkono, za waridi na za samawati na za maua, zenye kamba chini, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto mchanga. Zilikuwa ishirini na nne, zimening'inia kichwa chini kwa safu, kila moja imefungwa fundo zuri la mapenzi. Siku ile ya kuning'iniza vipimajoto hazikuwako. Tangu hapo alikuwa ameangalia michoro tu, na michoro haivai kofia.

Mlango ulilia nyuma yake. Abdia aligeuka, akamwona Barwako amesimama na kopo la maji la kuzimia makaa. Mama yule hakushtuka. Abdia alimwamkia, akamwita eddo, yaani shangazi, kama wanavyoitwa wanawake wa Kisomali wa umri ule, kisha akamuuliza kofia zile ni za nini.

"Fundi ya bomba alisema moshi ikifika hapo juu, maji inamwagika yote," Barwako alisema. "Na mimi lazima nifukize hii nyumba, mtoto yangu. Ilikuwa nyumba ya ngozi. Iko na harufu ya vitu ya kufa. Kila siku nikiswali adhuhuri nakuja nafukiza, Ijumaa nangoja watu watoke msikiti wale chakula. Siwezi acha wasichana walale kwa hii harufu. Sasa nikashonea maji kofia, isione moshi."

Abdia aliuliza kitambaa kilitoka wapi, na alipouliza tu akajuta.

"Ni nguo ya Hibo," alisema Barwako.

Hibo alikuwa binti yake wa pekee. Garsen nzima ilimjua kwa habari yake, ingawa hakuna aliyeitaja mbele ya mama yake. Alipelekwa shule ya bweni mbali huko bara, akiwa na miaka kumi na sita, na bweni likaungua naye akiwa ndani. Imepita miaka kumi na moja. Alikuwa ameondoka na sare za shule tu, nguo zake za nyumbani zikabaki kwenye sanduku, na sanduku hilo halikufunguliwa mpaka mwezi uliopita, mama yake alipolifungua akatoa magauni na shungi, akakaa chini na mkasi. Hosteli yote ile, ukitaka kujua, ilijengwa ili wasichana wa huku wasiende mbali kulala nyuma ya milango ya watu wasiowajua.

Ikawa sasa ni kumweleza. Abdia alisema taratibu kwamba kile kioo hakijui moshi. Angefukiza chini yake mwaka mzima kisingepasuka, kinachokiamsha ni joto kali la moto wenyewe, na kofia inalizuia joto lile lile lisikifikie, sawa na mtandio unavyokinga jua kichwani. Barwako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nguo za Hibo ndizo zitakazowalinda wale wasichana na hazitoki. Alisema bila hasira, akamwagia makaa maji, akatoka.

Abdia hakulala vizuri. Angeweza kuandika barua ya kukataa, na jambo likaishia hapo, na hosteli isifunguliwe, na wasichana wakapange vyumba vya mabati vyenye mlango mmoja na jiko la mkaa ndani. Angeweza kunyamaza, na hilo hakulifikiria mara mbili. Asubuhi alikaa mbele ya kompyuta akazivisha zile kofia ndani ya hesabu, kitambaa na pamba yake na unene wake, akawasha moto kwenye godoro la kitanda cha kumi. Mashine iliunguruma mpaka mchana wa siku ya pili. Alipoona matokeo, alikwenda kumchukua Barwako nyumbani kwake, akamsihi aje aone kwa macho yake, dakika sita tu.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki na tasbihi mkononi. Abdia alimwonyesha vitanda, vidogo kama mbegu za kunde, na watu arobaini na wanane wamelala. Godoro likashika. Moshi ulipanda, ukatandaa chini ya mabati. Dakika ya tatu ilipokaribia, madirisha ya paa yalifunguka, joto likakimbilia nje kwa njia hiyo, na vile vichupa ndani ya kofia vikabaki vimelala. Moto ulihamia godoro la pili, la tatu. Magodoro yalikuwa yanatoa moshi mwingi kuliko madirisha yanavyoweza kuutoa, nao ukaanza kushuka. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa feni. Mbegu zile zilianza kubadilika rangi moja moja kutoka kwenye kona. Dakika ya nne na sekunde tano, kipimo kilichokuwa chini kabisa, kwenye kitanda cha thelathini na moja, kilizimika. Maji yalikuja dakika ya sita.

Tasbihi ilikuwa imesimama. Barwako alinyoosha kidole akagusa kioo cha kompyuta pale chini kwenye kona.

"Huyu mdogo ni nani?" aliuliza.

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani, na Abdia, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwa amemsimulia mtu yeyote, alimweleza. Alisimulia habari ya boma lao upande wa pili wa mto, wakati wa mvua, mama yake ameenda kuuza maziwa. Walikuwa na kibuyu cha maziwa cha kufukizwa, kama Waorma wote wanavyofukiza, ili maziwa yakae na yawe na ladha. Yeye ndiye aliyefukiza. Makaa yaliyobaki aliyaacha ndani ya kigae, kwenye nyumba yao ya mikeka, na Asli amelala kando. Ilipokaribia saa kumi alikuwa anaenda kuwaleta ndama. Mbu wa mvua ile walikuwa hawajui mchana wala usiku, wamemjaa mtoto usoni. Kwa hiyo alipotoka aliteremsha mkeka wa mlangoni, akaufunga vizuri pande zote, akaziba kwa nguo hata ule upenyo wa juu. Hakukuwa na moto, ni ile hewa ya makaa tu. Nyumba haikuungua hata ujani mmoja. Alirudi na ndama, akamkuta mdogo wake amelala vile vile, mashavu mekundu, hana mbu hata mmoja.

Mama yake hakumlaumu siku hata moja, na Abdia alisema hilo ndilo lililomshinda zaidi kulibeba.

Barwako aliikunja tasbihi kiganjani. Hatimaye akasema, "Wewe ulifunga juu ya mbu. Mimi nikafunga juu ya maji." Akainuka. "Kesho tafuta ngazi."

Siku iliyofuata Abdia alipanda, Barwako akashika ngazi. Kila kofia iliposhuka, mama aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. Ya mwisho aliinusa kwanza. Alikubali pia kwamba hatafukiza tena mle ndani, atafukiza nyumbani kwake na Mungu atausukuma moshi kule unakotakiwa. Alimpa Abdia ufunguo wake ili asije akajisahau, na jioni hiyo akapanda gari kwenda Madogo, kwa dada yake aliyekuwa anaoza binti.

Yangeishia hapo ingekuwa hadithi njema na ningeinyamazia. Lakini vipimajoto vya wiki ya kwanza vilikuwa vimechafuliwa na chetezo, na Abdia alitaka hesabu safi. Akavining'iniza tena vyote vitano mahali pale pale. Akafunga kufuli. Funguo zote mbili zilikuwa kwenye pochi yake. Alizipitishia uzi mmoja.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya wasichana kuingia, alivisoma. Nundu ya saa saba haikuwako. Mstari wa cha tano ulipita mchana wote umenyooka, naye alikuwa keshanyoosha mkono kuchukua kalamu. Kisha, saa tisa na dakika arobaini, mstari uliinuka. Kidogo sana, nusu digrii. Ulipanda polepole, ukatulia, ukakaa hivyo nusu saa na zaidi, halafu ukashuka. Ulikuwa hivyo kila siku, na Ijumaa haikuchelewa.

Kuna jambo moja kuhusu watu ambalo kazi ya Abdia ilimfundisha. Mtu hata akiwa kimya kabisa ni jiko dogo. Kila aliyelala hutoa joto lake, mtu mzima kiasi cha taa moja ya zamani, na kwenye hesabu zake ni lazima aliweke. Anayo jedwali lake la umri na uzito. Alitafuta ni joto gani, kwenye usawa ule, lingeinua nusu digrii. Alipolipata alilisoma mara moja, akaangalia pembeni, akalisoma tena. Akaliingiza kwenye mashine, mwili mmoja umelala kando ya mguu wa kitanda cha thelathini na moja. Mstari uliochorwa na mashine ulikaa juu ya mstari wa kipimajoto bila kuachana. Kwenye jedwali lilikuwa ni joto la mtoto wa miaka mitatu.

Alimpigia Barwako simu. Nyuma ya sauti ya mama walisikika mbuzi wanapakiwa garini na wanawake wanacheka. Abdia aliuliza, kwa utani wa kujilazimisha, kama hakuna ufunguo wa tatu, kama hajapita pale kukaa kidogo na kuondoka. Barwako alimwambia yuko Madogo tangu siku ile na hajatoka. Kisha akataka kujua ni saa ngapi jambo hilo linatokea. Abdia akamtajia.

"Hiyo si saa yangu," Barwako alisema, na kwa sauti ya chini sana akamwombea dua.

Paka, alijiambia Abdia. Paka ana joto. Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, alikwenda na kipimajoto cha tano na mfuko wa majivu ya jikoni, akakifunga kipimajoto pale pale, akayanyunyiza majivu kuzunguka kona yote, laini, kiasi kwamba hata mjusi angeacha jina lake. Jumapili alipofungua, majivu yalikuwa vile vile alivyoyaacha. Kipimajoto kilikuwa kimechora nundu yake ndogo, kuanzia saa tisa na dakika arobaini.

Hapo aliogopa, na tusimfichie.  Kesho wasichana arobaini na wanane wangekuja na masanduku yao. Angeandika nini kwenye barua? Kwamba yote ni shwari isipokuwa kona moja? Wakubwa wangemcheka mpaka walie. Kutia sahihi juu ya namba asiyoweza kuieleza hakuweza, na hii mbaya zaidi, aliweza kuieleza.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo haliko kwenye kitabu chochote cha kazi yake. Alirudi alasiri hiyo peke yake. Saa tisa na nusu aliketi sakafuni kando ya kitanda cha thelathini na moja, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha juu ya majivu. Mabomba yalilia tik, tik. Nje hapakupita hata pikipiki. Alitazama saa yake mpaka ikafika dakika arobaini, hakuona kitu. Ila baada ya muda, kwenye paja lake la kulia, juu ya goti kidogo, alisikia joto dogo, la upande mmoja, kama mtu amejiegemeza hapo. Halikusogea. Abdia naye hakusogea. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama analia.

Alikaa hivyo mpaka woga ulipochoka. Kisha akafikiria ule mkeka wa mlangoni, namna alivyoukaza, na upenyo wa juu aliouziba kwa nguo yake mwenyewe. Upenyo ule hakuna aliyewahi kuufungua na mtoto akiwa bado ndani. Alinyoosha mkono taratibu, bila kuondoa mguu, akaushika mnyororo wa dirisha la paa ulioning'inia ukutani kando yake, akauvuta. Dirisha lilikataa kidogo, likaachia. Hewa ya juu ilisikika ikinyonywa, na mraba wa mwanga ukaanguka pale kwenye majivu.

"Pako wazi, Asli," alisema kwa Kiorma, lugha aliyomlaza nayo. "Nimefungua. Toka, mama."

Alihesabu hata akapoteza hesabu. Alipojigusa paja lilikuwa la kwake tu.

Jumatatu hakutaka kungoja kumbukumbu. Aliunganisha kipimajoto na kompyuta ya mkononi, akakaa kitandani akiutazama mstari ukijichora. Saa tisa na dakika arobaini ilifika, ikapita. Saa kumi ikapita. Mstari ulikwenda umenyooka mpaka ukingoni mwa kioo. Abdia alikuwa amedhani atafurahi. Ukweli ni kwamba alitamani angekuwa amesubiri siku moja zaidi kabla ya kuvuta mnyororo, aketi naye mara moja tena, na alijionea aibu kwa kutamani hivyo. Alitoa barua kwenye bahasha, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi.

Nje gari lilikuwa limesimama, na sauti ya Barwako, aliyerudi asubuhi kutoka Madogo, ilikuwa inaelekeza masanduku. Wa kwanza kuingia alikuwa msichana mrefu kutoka Kau, aliyejitambulisha kwa jina la Tamar, sanduku dogo kichwani na ndoo mkononi. Alivipita vitanda vya mbele vyote, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kona, palipokuwa na hewa. Alimwona Abdia akifungua kamba ya kipimajoto kwenye mguu wa kitanda, akasita.

"Shikamoo, dada. Hapa pana mtu?"

Abdia aliviringisha ile kamba kidoleni, raundi tatu, nne. 

"Hapana," alisema. "Hapana mtu. Weka vitu vyako."